Fundi Kelele, Mlinzi wa Mtambo Mmoja

Marehemu, ambaye hata mke wake alimwita Fundi Kelele, alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, mtoto wa nne wa mpagazi wa ghala la pamba na mshona magunia. Wiki ya pili mama yake alikwisharudi kazini, kwa hiyo si uongo kusema alilelewa juu ya marobota.

Alisoma shule ya msingi ya mtaa wa viwandani, 1957 hadi 1964. Huko aliifungua kengele ya shule aone inaliaje, na kwa siku tatu hakuna aliyejua saa ya kwenda nyumbani. Walimu walishusha pumzi alipokwenda chuo cha ufundi.

Januari 1968 aliajiriwa fundi mitambo katika kiwanda cha nguo. Mitambo mia mbili ya kufuma ilinguruma humo, na sauti aliyozoea kuipaza juu ya kelele hiyo hakuipunguza tena. Salamu yake ilisikika mtaa wa pili. Wafumaji wenyewe walizungumza kwa midomo bila sauti, wakisomana kutoka mbali.

Hapo ndipo alipompenda mfumaji wa safu ya tano. Akaona kelele ile ni pazia tosha, akamwambia kwa midomo, "Utakubali nikuoe?" Alisahau kwamba ukumbi mzima unasoma midomo. Wafumaji kumi na wawili walikubali kabla ya mhusika. "Mimi nilikuwa wa mwisho kuulizwa," mjane husema mpaka leo. Walifunga ndoa tarehe 21 Julai 1973.

Kiwanda kilifungwa tarehe 30 Juni 1995, mitambo ikauzwa kama vyuma chakavu. Marehemu alisimama mbele ya lori la mwisho, lililobeba mtambo mmoja. "Huu mkiuchukua, nichukueni na mimi!" Dereva aliwatazama wote wawili, akaushusha mtambo. Mwaka 1998 ghala la pamba likawa makumbusho ya biashara na viwanda vya jiji letu, lenye mizani, mihuri ya magunia na mtambo ule, naye akawa mlinzi wake hadi alipougua.

Februari 2023 alipasuliwa uvimbe wa koo, na sauti ikaenda. Nyumba ilikuwa kimya mpaka tukaogopa. Bahati njema mama yetu alikuwa hajasahau kusoma midomo. Mwezi uleule halmashauri iliandika kwamba mtambo haujafuma miaka mitatu. Mkaguzi angekuja tarehe 9 Mei, na mtambo usipofuma, ghala lingegeuzwa maegesho ya magari. Barua hiyo ilimuuma kuliko koo.

Binti yake mkubwa, fundi umeme, aliutengeneza ukazunguka, lakini nyuzi zilikatika kila dakika. Asubuhi ya ukaguzi, akiwa karibu kulia, alipiga simu hospitali alikolazwa tena marehemu.

"Baba yako anauliza, mmewasha feni?" mama alisema, macho kwenye midomo ya mumewe.

"Tumewasha, Mama. Wageni watakufa joto."

"Anasema zimeni! Fungeni madirisha, mwageni maji sakafuni. Pamba ikikauka inakatika. Anasema pia, nani aliwafundisha kazi?"

Mkaguzi aliloa viatu kwa maji na shati kwa jasho, lakini kitambaa kilitoka mita mbili bila uzi kukatika. Alitia saini palepale: makumbusho yabaki.

Jioni binti alimpelekea kitambaa kile. Marehemu alikipapasa, akaonyesha kwa kidole pindo lililopinda, kisha akatabasamu. "Anasema zamu yake imekwisha," mama alitusomea. Alifariki tarehe 11 Mei 2023, saa nne asubuhi, usingizini. Tulilia, na hatuoni aibu kusema tulishukuru pia: maumivu yamekwisha, na hofu ilikuwa imemtoka kabla hajafa.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mwana mmoja, wajukuu saba, na dada yake mdogo aliyekuwa akimjibu kwa kelele zilezile. Leo makumbusho yamefungwa kwa heshima yake. Kesho saa tatu asubuhi yatafunguliwa, na binti yake ndiye atakayewasha mtambo.

Yeye apumzike kwa amani, sisi tumeshapumua.