Kabla Samwel Hajaondoka na Anachokijua

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya yetu ya Kilosa; Mheshimiwa Diwani; Ndugu maofisa wa wanyamapori; Mchungaji na Sheikh, ambao mmekaa meza moja kama kawaida yenu; wenyeviti wa vijiji; wakulima wenzangu wa miwa kutoka Ruhembe; askari wetu wa vijiji; ndugu wageni waalikwa wa hapa Mikumi na wa kutoka mbali. Wazee wangu mliotangulia, shikamooni. Na ninyi wadogo mlioniamkia pale mlangoni, marahaba, nimewasikia wote.

Mimi ni Mwalimu Costancia, mwenyekiti wa Umoja wa Kinga ya Mashamba, na leo nimepewa kazi ya kumuaga mratibu wetu, Bwana Samwel, anayehamia Dodoma. Utaratibu wa shughuli kama hii tunaujua sote. Anayeaga husifiwa, huvishwa kitenge, tunapiga picha, tunakula, tunatawanyika. Sifa za Samwel nitazitaja, maana anazistahili. Lakini nimesimama hapa nikiwa na hofu, na nimeona afadhali niiseme mbele yenu kuliko kwenda kulala nayo.

Kwa wageni mnaotufahamu kwa jina tu, kazi ya Umoja wetu ni kuwatenganisha tembo na watu bila kuangamiza upande wowote. Hifadhi iko upande ule, miwa yetu iko upande huu, na tembo akishaonja muwa hasahau. Tunao askari wa vijiji wanaozunguka mpakani. Tunao uzio wa pilipili, yaani kamba zenye matambara yaliyolowekwa kwenye pilipili na oili chafu. Tunazo simu zenye programu inayochora nukta nyekundu kwenye ramani kila tembo wanapoonekana. Mgeni akifika ofisini kwetu na kuiona ile ramani ukutani, husema, hawa watu wanajua kazi yao. Nami nilisema hivyo hivyo siku ya kwanza.

Kabla ya Samwel tulikuwa na Elikana. Wengi mnamkumbuka, ndiye aliyeuanzisha Umoja huu. Alipopata kazi mkoa mwingine tulimfanyia sherehe nzuri katika ukumbi huu huu. Wakati huo mimi sikuwa mwenyekiti, nilikuwa mwalimu mkuu wa shule yetu ya Ruhembe, nikaalikwa kama jirani. Tulicheka sana siku ile. Elikana aliwakabidhi wenzake funguo za ofisi, pikipiki, simu zote na neno la siri la kompyuta. Kila kitu kilisainiwa. Nawauliza, ndugu zangu, ni kitu gani ambacho hakikuwa mezani siku ile? Hakuna aliyemuuliza Elikana kwa nini mambo aliyapanga alivyoyapanga. Naye hakuwa mchoyo. Angeulizwa, angesema mpaka sauti imkauke.

Akaja Samwel, kijana msomi, mchapakazi, anayeamka kabla ya askari wake. Akaikuta ramani. Akaona kwamba kwenye korongo kavu, mwisho wa mashamba ya chini, nukta nyekundu zimejazana kuliko mahali pengine popote, na ajabu yake, hapo ndipo uzio ulipoachwa wazi. Mtu yeyote mwenye akili timamu angefikiri nini? Angefikiri kazi haikumalizika. Wafadhili walikuwa wameleta kamba mpya, wakulima walikuwa wanalalamika, na Kamati ya Umoja ikakubali kwa kauli moja. Pengo likazibwa.

Siku chache baadaye, asubuhi, wanafunzi walikuwa njiani kuja shuleni. Kulikuwa na ukungu juu ya miwa. Mimi nilikuwa mlangoni mwa ofisi, nikasikia kelele za watoto zinakatika ghafla. Wanaofundisha wanajua, watoto hawanyamazi hivyo bila sababu. Nilipotazama, tembo walikuwa ndani ya uwanja wa shule. Kundi zima, majike na watoto wao, wamesimama kati ya madarasa na njia ya watoto, wameinua mikonga wakinusa huku na huku kama watu waliopotea mjini.

Watoto waliokwisha kufika tuliwaingiza darasani, tukawalaza sakafuni. Wale wa njiani wengi walikimbilia kwenye miwa, na hilo ndilo lililonitia hofu zaidi, kwa sababu huko sikuwaona tena. Mmoja hakukimbia. Binti anaitwa Imani, wa darasa la tatu, alitumbukia kwenye mfereji wa maji ya mvua pembeni mwa njia, akabaki amejikunyata humo, na jike mmoja amesimama karibu naye kiasi kwamba vumbi la miguu yake lilikuwa linamwangukia mtoto kichwani. Niliona utepe wa nywele zake. Sikuweza kumwita, sikuweza kumfuata. Nikashika fremu ya mlango kwa mikono miwili.

Askari wetu na Samwel walifika haraka, sina lawama nao. Wakafanya walivyofundishwa: wakapiga vuvuzela, wakarusha fataki. Tembo wakazidi kuchanganyikiwa. Wanakwenda huku wanarudi, wanakwenda kule wanarudi, na kila wakirudi wanaukaribia mfereji. Hapo Samwel akafanya jambo ambalo nitamheshimu kwalo maisha yangu yote. Hakujifanya anajua. Alichukua simu akampigia Elikana, akaweka sauti ya wazi ili sote tusikie. Mungu ni mwema, Elikana akapokea. Samwel akamweleza kwa maneno machache. Elikana akauliza kwa sauti ya chini, "Korongoni mmezibaje?"

Samwel akasema, "Tumeziba kote."

"Basi nyamazisheni fataki sasa hivi. Wale huenda bwawani kunywa maji na kurudi hifadhini, na korongo ndilo njia yao. Mwaka ule wa kwanza sisi nasi tuliziba, wakaja shuleni hivyo hivyo, shule ikiwa imefungwa. Ndiyo maana tuliliacha pengo wazi. Fungueni, halafu mkae kimya."

Ndugu wageni waalikwa, tafakarini. Umoja huu ulikwisha kulijua jambo hili. Ulikwisha kulijifunza, kulijadili, na kulitolea uamuzi kwenye kikao. Kisha ukalisahau, kwa sababu lilikuwa vichwani mwa watu waliohudhuria, na watu hao mmoja alihama, mwingine alifariki, mwingine alistaafu akarudi kwao milimani. Simu zetu zilijua tembo wanapita wapi. Hazikujua kwa nini sisi tuliwaachia wapite. Hakuna programu inayoweza kukuambia kitu ambacho hakuna mtu aliyekiingiza.

Fataki zikanyamaza. Askari wetu Evance ndiye aliyekuwa karibu na korongo, akaambiwa kwa simu azikate zile kamba. Akazikata. Kundi likaanza kusogea kuelekea huko, polepole, jike kwa jike. Yule aliyekuwa juu ya mfereji akaondoka wa mwisho. Nilimfuata Imani kwa kutambaa, nikamtoa akiwa mzima. Alikuwa ameuma mkono wake ili asilie.

Wale waliokimbilia kwenye miwa nao walipatikana wote salama. Lakini habari haikuishia hapo. Kule korongoni kulikuwa na dume lililobaki nyuma ndani ya miwa, lililokwisha kukasirishwa na fataki, na Evance hakuliona. Lilimtupa. Nyonga ilivunjika, na madaktari wamefanya wawezavyo. Evance yuko hapa, meza ile ya mbele, na magongo yake. Ameniruhusu nimtaje. Alisema, "Mwalimu, waambie, lakini usinifanye shujaa, mimi nilitumwa tu." Basi sitamwita shujaa, kwa kuwa hataki. Nitasema tu kwamba mtu alilipa kwa mwili wake gharama ya swali ambalo hatukuuliza.

Baada ya siku ile wanachama walinichagua niongoze Umoja, nadhani kwa sababu nilipiga kelele kuliko wote. Mimi na Samwel tukabadilisha mambo. Kila uamuzi unaoingia kwenye mfumo wetu wa kompyuta sasa lazima uingie na sababu yake, na mfumo hauukubali bila sababu. Kila baada ya tukio tunakaa chini, tunaulizana tulitegemea nini, kikatokea nini, na tofauti imetoka wapi. Askari wasiopenda kuandika wanarekodi sauti kwenye simu, na zinahifadhiwa kwa jina la mahali, ili anayekwenda korongoni asikilize kwanza ya korongoni. Hakuna kazi inayoshikwa na mtu mmoja peke yake. Na anayeondoka hutembea mpaka wote kwa miguu pamoja na anayempokea, huku anaulizwa.

Haikuwa rahisi. Kiongozi wa askari wetu, Bwana Goodhope, mtu muungwana sana, alikaa vikao kadhaa bila kusema neno. Nilipomfuata kando akaniambia, "Mwalimu, nikisema yote ninayoyajua, kesho mtanihitaji wa nini?" Ni hofu ya haki. Ni wangapi humu ukumbini, katika ofisi zenu, mnakaa juu ya mnachokijua kama kuku juu ya mayai, kwa sababu ndicho kinachowalinda? Tulimjibu kwa vitendo: tukamfanya mkufunzi, na kufundisha wengine kukaingia kwenye kazi anayopimwa nayo. Sasa Goodhope hanyamazi. Wakati mwingine tunamwomba apumzike.

Na haya yote, kwa sehemu kubwa, ni mikono ya Samwel. Angeweza kuificha asubuhi ile. Ameifanya somo. Samwel mwanangu, tunakushukuru, na mkeo tunamshukuru kwa kutuazima mumewe.

Sasa nije kwenye hofu yangu. Anayempokea Samwel ni Bi Yusrah, aliyekaa pale, binti wa Kilosa mjini, hodari na makini. Wametembea mpaka pamoja kama utaratibu unavyotaka. Wametembea upande wa mashariki wote. Wametembea mashamba ya chini mpaka korongoni. Upande wa magharibi hawajafika. Mara gari liliharibika, mara Samwel aliitwa semina Morogoro, mara mvua, na leo tumeshavaa nguo za sherehe. Juzi nilikuwa ofisini nikawasikia wakizungumza. Yusrah aliuliza kwa nini zile taa za sola upande wa magharibi, zinazowaka na kuzimika ili kuwafukuza tembo, huwa zinazimwa kabisa miwa inapokaribia kuvunwa. Samwel, mezani kwake kukiwa na masanduku nusu yamefungwa, akamjibu kwa upole, "Aa, dada, ile ni hadithi ndefu. Nitakuandikia nikifika Dodoma."

Ndugu zangu, nilitoka nje nikasimama barazani. Nimeupitia mpaka huo wa magharibi kichwani usiku na mchana tangu juzi. Mimi mwenyewe sijui kwa nini taa zile huzimwa. Kwenye mfumo uamuzi huo haumo, maana ulitolewa kabla ya utaratibu wetu mpya. Nimemuuliza Goodhope, anasema alikuwa likizo jambo hilo lilipoamuliwa. Nimesikiliza sauti zetu za upande wa magharibi, nikakuta mbili, na zote zinahusu daraja. Mavuno yanakaribia. Nyuma ya taa zile kuna nyumba za vibarua, na kuna watoto wanaocheza nje mpaka giza linaingia. Mfumo tunao, kanuni tunazo, na bado, tazameni, jambo lile lile lilikuwa linajiandaa kupanda basi likaondoka. Tunawezaje kuwa na uhakika kwamba ni hilo moja tu?

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, naomba radhi kwa kuivuruga ratiba. Jana nilimpigia mwajiri mpya wa Samwel huko Dodoma, nikamweleza niliyowaeleza ninyi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema wanaweza kumsubiri mpaka wiki ijayo. Samwel, hukulijua hili, na ninaona umeshika kichwa. Usikasirike. Kesho asubuhi wewe na Yusrah mtakwenda magharibi kwa miguu, nami nitafuata nyuma yenu kwa mwendo wangu, na simu yangu ikirekodi.

Nawashukuru nyote kwa kuacha shughuli zenu mkaja, na kwa kunivumilia nilipokuwa naongea habari za hofu kwenye siku ya furaha. Chakula kiko tayari, mama lishe wananionyesha ishara kule nyuma, lakini nawaomba tusinyanyuke bado. Nimeyamaliza yangu. Samwel, njoo uchukue kipaza sauti, uwaambie wenzako kwa nini zile taa huzimwa.