Tanuri la Inosenti Linajichubua

Mwaka themanini na tatu, vipuri vilipokuwa adimu kuliko sukari, benchi la kahawa la Mama Marsela, kando ya gereji pale Karatu, halikukosa wataalamu. Piusi aliitwa Injinia kwa sababu aliwahi kushika tochi injini ya lori ikifunguliwa. Martini aliitwa Profesa. Wa nini, hakuna aliyejua. Ijumaa moja asubuhi wakamwona Inosenti, mwoka mikate, anakuja mbio na bamba la chuma kwapani. Ndiyo sakafu ya tanuri lake, kaikata kwenye pipa: moto chini, mikate juu. Kesho yake Clemensi wa Endabash alikuwa anamwoza binti yake, na mikate yote ya harusi ilimtegemea Inosenti. Roho yake ilikuwa juu juu.

— Limejichubua tena! alisema, akalibwaga bamba benchini. Tazameni magamba haya meusi. Yananasa chini ya mikate. Jumapili katekista katema gamba mbele ya watu! Nikipeleka hayo harusini, nani atanunua kwangu tena?

— Kwani hulisafishi? aliuliza Mama Marsela.

— Mimi mchafu, mama? Nikishaoka tu, likiwa bado la moto, nalimwagia maji baridi. Tssss! Halafu nalikwangua kwa kipande cha jembe mpaka ling'ae. Mke wangu Hyasinta anajitazama humo akifunga kilemba!

Alisema kwa fahari kabisa. Alilelewa na mama aliyesugua sufuria kwa majivu kila jioni, na kwao chombo cheusi kilikuwa aibu ya nyumba nzima.

— Ni baridi hiyo, alisema Injinia. Upepo unashuka kutoka kule juu Kreta, chuma kinatetemeka, ngozi inapasuka. Wewe midomo haikupasuki mwezi wa saba? Mficha maradhi kifo humuumbua.

— Baridi gani ndani ya tanuri? alidakia Profesa. Chuma hicho kiko hai, bwana! Kinajivua kama nyoka. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

— Nyoka akijivua si anakua? aliuliza Injinia.

— Na hicho kinakua! Mwakani utaezekea kanisa.

Benchi zima likacheka. Injinia hakukubali kushindwa. Akasema chuma chote duniani kilitoka tumboni mwa mlima wa moto, Oldonyo Lengai, na kila kikiona moto kinakumbuka kwao, kinataka kulipuka. Inosenti alicheka pia, ingawa kimoyomoyo aliogopa kidogo.

— Ngoja niwaonyeshe! Injinia akachomoka kwenda gereji, akarudi na vali ya ekzosi ya injini, iliyokuwa imetupwa, pamoja na msumari wa inchi sita. Akavitia vyote kwenye jiko la kahawa, Profesa akapepea kwa kofia mpaka vikawa vyekundu. Inosenti akavitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Msumari ukatoka umebanduka magamba kama muhogo wa kuchemsha. Vali ikatoka na weusi wake umeshika vilevile, hata ukucha hauubandui.

— Umeona! Umeona! walipiga kelele wote watatu.

— Damu nzito kuliko maji, alitangaza Profesa.

— Vali imechanganywa kiwandani, alisema Injinia.

— Na nini?

— Na siri.

Mwishoni mwa benchi alikuwa ameketi mama mmoja mgeni, Naserian, akisubiri lori la kwenda Soitsambu. Alikuwa amewasikiliza muda wote, kikombe mkononi.

— Baba, alimwambia Inosenti, hayo magamba unayakwangua kila siku?

— Kila siku, yeyo, mama yangu.

— Na kesho yake yanarudi?

— Tena mengi!

— Sasa hayo mapya yanatoka wapi?

 

— Kwenye moto, Injinia alijaribu.

— Moto wangu hauna magamba, alisema Mama Marsela.

Inosenti akalitazama bamba. Siku alipolikata lilimlemea begani. Leo amelileta kwapani. Akalibonyeza kwa kidole gumba pale katikati, palipong'aa kuliko pote. Kidole kikatokea upande wa pili.

— Yanatoka humuhumu, alisema. Moto unalivisha ngozi ya kulikinga, mimi kila jioni nalimwagia maji na kulichuna. Linavaa nyingine, nachuna tena!

— Kwa hiyo sisi na mikate yako... alianza Profesa.

— Tumelila tanuri, Mama Marsela akammalizia.

Kicheko kilichopigwa hapo kiliwatoa mafundi gerejini. Inosenti peke yake hakucheka. Aliruka kutoka benchini, bamba likaanguka.

— Injinia, gereji kuna bamba nene?

— Lipo moja, lilikuwa la jiko la kambi. Jeusi kama chungu. Nilisugue kwanza?

— Usiliguse! alifoka Inosenti, tayari anakimbia. Lije na weusi wake!