Barafu, Mpokea Simu za Moto

Mdogo wangu, ambaye wengi wenu mlimfahamu kwa jina la Barafu, alizaliwa tarehe 3 Juni 1952, mtoto wa pili na wa mwisho wa fundi wa reli na mkewe, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni, kwa hiyo nina haki ya kusema: jina hilo halikuwa lake. Alikuwa mtoto mwenye machozi ya karibu. Mtoto wa jirani akichapwa, yeye alilia kuliko aliyechapwa. Baba akamwambia mwanaume halii, naye akajaribu kulishika neno hilo.

Alianza shule mwaka 1959. Akiwa darasa la tatu alisimamishwa asome kwa sauti hadithi ya mbuzi aliyepotea. Alifika katikati akaangua kilio, darasa likacheka hadi mwalimu akageukia ubaoni kuficha meno. Baada ya siku hiyo sikumwona tena akilia. Alijifunza kumeza, akamaliza sekondari na alama nzuri na uso usiosomeka.

Mwaka 1973 aliajiriwa na kikosi cha zimamoto. Walimpandisha ngazi, kizunguzungu kikamshika, wakamshusha na kumkalisha kwenye simu. Hapo alikaa hadi alipostaafu mwaka 2012. Watu walipiga simu wakipiga mayowe, naye aliwauliza kwa sauti ile ile tulivu, iliyompa jina la Barafu: "Uko wapi? Nini kinawaka? Nani yuko ndani?" Wapo walio hai leo kwa sababu ya sauti hiyo. Hakuna aliyejiuliza hofu yote aliyoimeza ilikwenda wapi. Zamu ikiisha aliosha vikombe vya chai vya kituo kizima, hata visafi, kisha akarudi nyumbani na kukaa kimya.

Tarehe 18 Agosti 1979 alimwoa wifi yangu, mshonaji, ambaye ulimi wake nao ni sindano. Alikuwa akituambia, "Nimeolewa na redio iliyozimwa." Tulicheka, lakini yeye hakuwa anacheka. Walijaliwa watoto wawili, wa kiume na wa kike.

Mwezi Februari 1988 simu ya kituoni ililia, naye akapokea. Ilikuwa sauti ya mkewe.

"Ni mimi! Mafuta ya moto yamemmwagikia mtoto!"

"Uko wapi?"

"Nyumbani kwako! Hunijui?"

"Nani yuko ndani?"

Alituma gari la wagonjwa, kisha akaomba apewe kijana wao, aliyekuwa na miaka saba. Akamwelekeza aushike mkono wa dada yake chini ya bomba la maji na asiuachie. Kijana hakuuachia hadi gari lilipofika, wala hakutoa chozi. Majirani wote wakamsifu: mwanaume kweli, mtoto wa Barafu. Binti alipona. Kituoni, waliokuwa zamu wanasema ilibidi wawili wamfungue mdogo wangu vidole kutoka kwenye simu.

Wifi yangu alichukua watoto akaenda kwao. "Uliniuliza maswali kama mtu baki," alimwambia. "Siwezi kuishi na mtu asiyeumia." Ndoa ilikuwa imefika ukingoni, na sisi ndugu tulijua.

Alikwenda ukweni mara mbili, akakaa sebuleni bila neno, akarudi. Mara ya tatu mdomo ukafunguka: "Ningelitaja jina lako, nisingeweza kusema kitu kingine. Mtoto angekufa nikiwa nalia." Ndipo akalia, kilio cha miaka yote, hadi mama mkwe akakimbilia kufunga madirisha. Wifi yangu alirudi nyumbani wiki hiyo hiyo. Tangu hapo, kila akitoka kazini alikaa kando ya cherehani na kumsimulia mkewe simu za siku hiyo, moja moja. Zikimzidi, cherehani ilisimama. Si kila siku aliweza. Zipo siku alirudia kuosha vikombe. Lakini aliyemeza kwa karibu miaka thelathini hajifunzi kutema kwa siku moja, na mkewe alimpa muda.

Mwaka 2022 moyo wake ulianza kuchoka. Alilazwa mara kadhaa, na kijana wake ndiye aliyeshughulikia kila kitu: madaktari, dawa, damu. Sote tulimsifu kwa utulivu wake. Siku moja mgonjwa alinishika mkono. "Dada, unamsikia anavyoongea na daktari? Ile ni sauti yangu ya kazini. Msimsifu. Mtamuua." Alifariki asubuhi ya Jumanne, tarehe 12 Novemba 2024, mkewe akiwa pembeni yake.

Ameacha mjane, mtoto wa kiume, binti, wajukuu watano, na mimi, ambaye kwa utaratibu ndiye niliyepaswa kutangulia.

Wewe kijana wake, mwanangu, nimeomba haya yachapishwe ili usije ukasema hukusikia. Naandika nikijua kwamba yakisomwa hapa msibani utakuwa umesimama getini unapanga magari, kwa sababu tangu Jumanne hujakaa chini. Umefanya vya kutosha. Hao madereva wana macho, wataegesha wenyewe. Mama yako amekuachia nafasi kushoto kwake, na hakuna hapa atakayekuhesabia machozi. Njoo, mwanangu. Tutasubiri.

Baba yako apumzike kwa amani, na wewe pia upumzike.