Cherehani cha Faridah Mbele ya Forodha

— Pauni mia moja themanini na sita! Kwa cherehani cha mkono! Huyo mama hakupitishwa forodhani, alipitishwa machinjioni!

— Usimtie mke wa watu machinjioni, Kago. Aliulizwa, akajibu.

— Si ndiyo shida yenyewe, mzee? Alijibu!

Birika lilikuwa halijazunguka mara ya pili na benchi tayari linatikisika. Ni benchi la mbao mbele ya duka la Abdulwakil, Woolwich, upande wa sokoni, na Jumamosi hulikalia watu wale wale. Aliyepiga kelele ni Allan, aitwaye Kago kwa kuwa anapakia mizigo kwenye ghala moja huko Hayes na anajiona anajua kila kinachoruka angani. Ubavuni pake Douglas, mhudumu wa wazee, aitwaye Jaji kwa sababu hajawahi kukosa hukumu. Na aliyekuwa akijibu huku amebana meno ni Hafidh, fundi cherehani, mtu wa Mombasa, aliyejifunza kazi peke yake kwa kufumua makoti ya watu na kuyarudisha kabla wenyewe hawajayaulizia. Hasira yake huchemka mapema kuliko maji ya kahawa. Cherehani kilikuwa chake. Alimpa Euphrasie, nesi wa Kikongo aliyekuwa akienda likizo kwenye kisiwa kimoja cha Karibiani, amfikishie Faridah, binti wa Hafidh, aliyeolewa huko na anayetaka kufungua kibanda cha ushonaji. Mzigo wa watu, kama tunavyobebeshana sote: ukisikia fulani anasafiri, unampelekea furushi, nafasi humwulizi. Sasa Euphrasie amerudi. Jana alimpigia Hafidh simu: cherehani kimefika, ushuru nimetoa mimi, kesho nikitoka shifti nitapita hapo benchini.

— Hebu nielezeni taratibu, alisema Abdulwakil akimimina. Walimwuliza nini hao watu wa forodha?

— Hiki chako? alianza Hafidh. Akasema si changu, nimepewa nikifikishe. Kipya au kimeshatumika? Akasema hilo sijui, tukifungue tukitazame. Wakafungua, kinang'aa. Afisa akazungusha gurudumu, akasikiliza, akamwita mwenzake naye aje asikilize. Wakakata shauri ni kipya. Na sheria yao huko, kitu kilichokwisha kutumika kinapita, hata kama si cha msafiri. Kipya, tena cha mtu mwingine, kinalipiwa.

— Angesema chake, akasema Jaji. Kitu kiko mkononi mwako, nani atakudai cheti cha kuzaliwa?

— Euphrasie hasemi uongo.

— Basi angesema cha hospitali. Si nesi? Mashine ya kushona vidonda! Angepita na pole juu.

Abdulwakil alicheka akamwaga kahawa kwenye sahani. Kago akapata moto.

— Mimi ningekifungua humo humo ndani ya ndege. Gurudumu nampa mama wa kiti cha mbele, sindano nampa padri, kiwiliwili nakikalia mwenyewe. Kila mtu anapita na kipande chake, nje tunakutana tunakiunga.

— Na padri akiondoka na sindano?

— Ataishonea nini? Atarudi tu.

— Nyinyi chekeni, alisema Jaji na kushusha sauti kama mtu anayefuatwa. Mmejiuliza kwa nini kisiwa kidogo vile kinaogopa cherehani? Ukiwa na cherehani, utashona bendera. Ukishashona bendera, una nchi yako. Wale wameona mbali!

— Nchi nzima kwa mia moja themanini na sita? Buda, hiyo ni bei ya kutupa.

— Nyamazeni!

Hafidh alikuwa amesimama.

— Mnamcheka aliyewazidi nyote. Mtu ametoka kwenye ndege miguu imevimba. Mbele yake mlango wa wenye cha kusema kwa forodha na mlango wa wasio na cha kusema. Akachagua wa wenye cha kusema, kwa furushi lisilo lake! Mimi nimewaona watu wazima wakimshuhudiza Mungu kwa chupa moja ya manukato. Yule mama alinyoosha maneno. Hata yule afisa namvulia kofia. Hakuomba ya chai, hakukitupa tupa, alitaja bei na akatoa risiti. Hao ni watu.

— Sifa umempa, alisema Abdulwakil. Na pesa?

Hafidh alitia mkono kwenye mfuko wa koti, akautoa mtupu, akaketi.

— Sijasema silipi.

— Hujasema unalipa.

— Nasema tu, yakhe, angeweza kunipigia simu akiwa pale pale.

— Haya sasa! akadaka Jaji. Aliyekataa kudanganya alipie ukweli wake. Nimehukumu.

Hafidh hakupenda hata kidogo kusikia wazo lake likitoka kinywani mwa Jaji. Likiwa huko lilinuka. Kwani alijua lililokuwa likimla. Cherehani kile kilimzidi umri yeye mwenyewe. Alikitoa gereji ya mteja wake Minal, kule Stanmore, siku Minal alipokuwa akiondoa vitu vya marehemu mama yake, aliyekuja nacho kutoka Kampala. Kilikuwa kutu tupu. Baridi nzima Hafidh alikikwangua, akakitia mafuta, akakipaka rangi nyeusi, akayachora upya maua yake ya dhahabu kwa brashi nyembamba kama kope. Na jana kwenye simu, Euphrasie alipomwambia forodha wamekiona kipya, kabla neno ushuru halijatajwa, alicheka kama aliyeambiwa mwanawe amefaulu. Akamwomba arudie.

— Jambo yenu, ba papa.

Euphrasie alikuwa amewafikia, sare ya hospitali ikichungulia chini ya koti. Kago aliruka kumpisha. Jaji, aliyemhukumu sasa hivi, alimpa kikombe chake mwenyewe.

— Mama, wewe ni chuma! Mzee wetu amekusifu hapa mpaka kahawa imepoa.

— Aksanti, alisema, wala hakukaa. Papa Faridah, mtoto anakusalimia. Alikikumbatia, akalia. Akaniambia ni kile kizee cha gereji, ulimtumia picha zake. Ni kweli?

— Kweli.

— Sasa mbona haukuniambia? Waliponiuliza kipya ao kizee, ningejibu neno moja tu.

Kago aligeuka kutazama basi lililokuwa likipita. Jaji alikosa hukumu. Hafidh alifungua mdomo: angeweza kusema alisahau, na huo ungekuwa uongo wa kwanza kusemwa juu ya cherehani kile.

— Walisema kipya, kweli? aliuliza kwa sauti ndogo.

— Walisema kinapita vipya kwa uzuri.

Akamrudishia Jaji kikombe bila kukionja, akanyoosha kiganja kwa Hafidh.

— Papa Faridah, nipe pesa yangu.