Shangazi Coletha Aliyekanda Miguu ya Babati

Wasikilizaji wapendwa, wakubwa wote shikamooni. Wadogo, marahaba, hata kama hamjasema.

Leo tunamkumbuka Coletha Baltazar wa Nangara, hapa hapa Babati mjini, aliyezikwa Jumamosi iliyopita. Mji mzima ulimwita Shangazi. Kazi yake ilikuwa kukanda miguu. Narudia, kwa yule aliyekuwa anahangaika na antena: Coletha Baltazar, wa Nangara, aliyekanda miguu. Hakuwa daktari, na alikasirika kuitwa daktari. "Presha peleka hospitali," alikuwa akisema. "Kwangu leta uchovu."

Kazi hiyo aliikuta Arusha. Alikuwa akifua mashuka hotelini. Akamwona mwenzake anabonyeza nyayo za wageni, na wageni wazito, wenye suti, wanalala mdomo wazi. Coletha akayaacha mashuka, akajifunza. Akafundishwa kwamba mwili wote umechorwa kwenye unyayo. Vidole ni kichwa. Katikati ni tumbo. Ukingo wa ndani, kutoka kidole gumba mpaka kisigino, ni mgongo. Aliporudi Nangara alinunua beseni, akatafuta chumvi na mafuta ya parachichi, akaanza.

Miguu ya kwanza kukandwa ilikuwa yake mwenyewe. Hilo ndilo lililoiudhi Nangara. Kila siku, baada ya chakula cha mchana, Coletha alifunga mlango. Alizima simu. Aliloweka miguu kwenye maji ya moto kiasi, akapumua taratibu, akajikanda. Majirani wako shambani wanapalilia mbaazi, yeye anajikanda! Hata salamu hakuitikia mpaka amalize.

"Mama mzima unajifungia kupapasa miguu yako?" jirani yake, Mama Blessing, alimuuliza juu ya ua.

"Ng'ombe wako unampeleka josho?"

"Nampeleka."

"Pikipiki ya mzee inakwenda gereji?"

"Inakwenda."

"Na wewe utapelekwa lini? Siku ya sanda?"

Mama Blessing alinuna mpaka jioni. Kesho yake alikuja na miguu yake yote miwili.

Kisha akaja Mzee Herieli, mwenyekiti wa mtaa, kukagua kama ndani mna ushirikina. Alikalishwa kitini. Coletha alipogusa tu unyayo wa kushoto, mheshimiwa alipiga ukelele ambao mbuzi wa Nangara wanausimulia mpaka leo. Alikuwa anatekenywa. Muda si mrefu serikali ya mtaa ilikuwa imelala fofofo, inakoroma.

Tusicheke sana. Watu waliingia kwa Coletha wakigomba, wakatoka wakiongea kwa sauti ya chini, kama watu wanaotoka kanisani. Wengi hawakuwa wamewahi kuguswa kwa upole tangu walipoacha kunyonya.

Lakini kulikuwa na miguu miwili ambayo Coletha hakuigusa. Miguu ya Fabiola, wa kule Nakwa.

Sikilizeni vizuri hapa. Fabiola ni mtoto wa kaka yake Coletha. Kwa hiyo Coletha ni shangazi yake. Ila Fabiola ndiye mkubwa kwa umri. Coletha alikuwa kitinda mimba, akazaliwa wakati Fabiola tayari anakwenda shule, na Fabiola ndiye aliyembeba mgongoni. Shangazi ni mdogo, mtoto wa kaka ni mkubwa. Sasa nani amwamkie nani?

Swali hilo lililipuka kwenye harusi moja kule Bonga, mbele ya wakwe.

"Fabiola," Coletha alisema, "mbona humwamkii shangazi yako?"

"Nikuamkie wewe? Mtoto uliyenikojolea gauni la komunyo?"

Wakwe walicheka. Mshereheshaji alichekea kwenye kipaza sauti. Coletha hakucheka. "Basi usinisalimie tena," alisema. Na hiyo ndiyo amri pekee ya shangazi ambayo Fabiola aliitii.

Miaka ikaenda. Sokoni walipishana kama magari. Jumapili, padri akisema tutakiane amani, Fabiola aliitakia amani nguzo ya kanisa.

Kisha mume wa Fabiola akafariki, na usingizi ukamkimbia. Miguu ikawa mizito kama magogo. Hospitali walimpima, wakamwambia mwili ni mzima, akapumzike.

"Nikapumzike wapi?" alimuuliza binti yake, Jacqueline. "Kitanda chenyewe kinanitazama."

"Mama, nenda kwa Bibi Coletha."

"Nikaanze kumwamkia? Bora nisilale."

Maneno hayo yalifika Nangara. Asubuhi iliyofuata bodaboda ikasimama Nakwa, na juu yake Coletha, beseni kichwani kama kofia ya vita. Akashuka. Hakusalimia. Fabiola naye hakusalimia. Coletha aliingia jikoni kama kwake, akachemsha maji, akatia chumvi, akapiga magoti.

"Unafanya nini?"

"Lete mguu."

"Coletha, inuka. Watu wanaona."

"Waache waone. Lete mguu, mkaidi wewe."

Wasikilizaji wapendwa, wazee wanatuambia neno shikamoo lilianza kama "nashika miguu yako". Sisi tunalisema tumesimama wima, mikono mfukoni. Siku ile, Nakwa, shangazi alipiga magoti akaishika miguu ya mtoto wa kaka yake. Kwa mikono yote miwili. Bi Fabiola anatuambia nywele zilimsimama. Alitaka kuuvuta mguu, mguu ukakataa.

Coletha alikanda vidole. Alikanda kisigino. Kisha akatelezesha kidole gumba kwenye ukingo wa ndani, na pale akatulia.

"Hapa ndipo mgongo," alisema. "Mgongo huu ulinibeba. Sijawahi kuushukuru."

Fabiola alifungua mdomo ajibu. Anasema neno lilikuwa limeshafika kwenye meno, lakini usingizi ukawahi. Akalala pale pale kitini.

"Tuliogopa," anasema Jacqueline. "Kila mara naweka mkono puani, nione kama anapumua."

Aliamka mchana. Coletha alikuwa ameshaondoka. Fabiola akainuka kwa miguu ile ile ya magogo, akashika njia ya Nangara. Watu walimsalimia, yeye akapunga mkono tu.

"Nilikuwa na neno moja mdomoni," anatuambia. "Niliogopa nikimfungulia mtu mwingine mdomo, litatoka kabla ya kumfikia mwenyewe."

Alipofika, mlango ulikuwa umefungwa. Ilikuwa saa ya Coletha. Nangara nzima inajua: saa hiyo hakuna anayegonga, hata mwenyekiti. Mama Blessing alimpungia kutoka uani: usigonge! Fabiola akagonga.

"Nani anagonga saa yangu?"

"Ni Fabiola."

Maji yalisikika yakitikisika ndani ya beseni.

"Fabiola wa nani?"

Alijua vizuri ni wa nani. Mwingine angegeuka akaondoka. Bi Fabiola, mama wa miaka sitini na ushee, aliyebeba mtoto huyo mgongoni, alivua kandambili akasimama kwenye vumbi.

"Mtoto wa kaka yako," alisema. "Shikamoo, shangazi."

Mama Blessing anasema hata kuku walinyamaza. Mlango ukafunguka. Coletha alisimama pale, miguu inachuruzika maji, hakujifuta. Hakuna aliyewahi kumwona akiikatiza saa yake kwa ajili ya mtu.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Ingia. Maji bado yana moto."

Tangu siku hiyo mlango ule ulifungwa wakiwa ndani wawili. Ulifungwa hivyo kila siku, mpaka Coletha alipougua kwa muda mfupi na kufariki nyumbani kwake, Nangara, Fabiola akiwa pembeni yake.

Bi Fabiola, Jacqueline, na ukoo wote wa Baltazar, Nangara, Nakwa na Bonga: poleni sana. Mungu ampumzishe Coletha, ingawa kupumzika alishajua kabla yetu sote.

Tulimwomba Bi Fabiola ruhusa ya kumkumbuka shangazi yake kwa kusimama kimya dakika moja. Alikataa. "Msimame kwa nini? Hamjachoka?" Anataka tukae. Tuvue viatu. Tupumue taratibu, kila mmoja amfikirie yule mtu ambaye salamu yake ameikalia.

Basi kaeni, wasikilizaji wapendwa. Studio nzima imeshakaa. Fundi mitambo, na wewe. Soksi pia.