Unga Usoni mwa Mama

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Baba Paroko, wazee wangu ambao shikamoo yangu inatangulia neno lolote, Ndugu wageni waalikwa mliotoka Madaba, Tunduru na hapa hapa Songea: karibuni katika ukumbi huu wa parokia, ambao leo ukuta wake tumeugeuza sinema.

Mimi ni Oliva, binti wa marehemu Severina. Mama alifariki sijaota hata meno, na picha yake sikuwa nayo. Je, mnajua ilivyo mtu kukua akiambiwa, "Umefanana na mama yako," asijue anafanana na nani? Nilikuwa najitazama kwenye kioo namtafuta yeye.

Ndipo ndugu yetu Makarius, msanii wa video, alipoikuta katika stoo ya parokia filamu iliyopigwa miaka ya sitini, siku ya kufungua ghala la tumbaku. Imekwaruzika, imefifia, watu wadogo kama siafu. Akaipeleka Dar es Salaam, akaiingiza kwenye kompyuta, akaisafisha picha moja moja, akaikuza mpaka ikaenea ukutani. Hongera sana, kaka. Tangu soko huria liingie tumeletewa video za kila nchi. Ya kwetu umetuletea wewe.

Lakini leo lazima nimseme kidogo, anisamehe! Aliponionyesha mara ya kwanza, akina mama walikuwa wanacheza kioda, ngoma yetu ya wanawake, nyuso zinang'aa kama wametoka kuoga. Nikamwita shangazi Kunegunda, aliyekuwepo siku ile, anionyeshe mama ni yupi. Akatazama, akasonya: "Severina yupi huyu? Unga wake uko wapi?" Kumbe siku ile mama alicheza mpaka mama mkwe wake akammwagia unga usoni, ndiyo heshima ya mchezaji aliyewapita wenzake. Makarius kaona madoa meupe, kadhani vumbi la filamu, kafuta yote!

Jamani, usafi gani huo wa kumvua mtu sifa yake? Ikabidi arudi kwenye filamu yenyewe, aanze upya, safari hii shangazi kakaa pembeni yake anamwonyesha: hili vumbi, huu unga. Walipomaliza, shangazi alilia kabla yangu. Hapo ndipo nilipomwona mama.

Wapendwa, sura nimeipata, na bado nina kiu. Filamu ile haina sauti. Mama anafungua kinywa, anaimba, nami sisikii kitu. Shangazi, na ninyi mama zetu mliocheza naye, wimbo ule mnao. Taa zikizimwa, nawasihi, muimbe pamoja naye.

Asanteni, mmenisikiliza vya kutosha. Sasa nakaa, nimsikilize mama.