Kila Sufuria na Mama Yake

Wazee wangu, shikamooni. Na ninyi kina mama wa Ihanja, hamjambo? Itikieni kwa nguvu bwana, mtu ametoka Mkiwa mpaka hapa! Haya. Mmetuita tuwaeleze hoteli yetu ilivyokufa na ikafufuka, maana na ninyi mnataka kufungua ya kwenu. Mimi shule sikwenda. Kile kisomo cha jioni nilijifunza herufi moja, nikaona inanitosha. Lakini mdomo ninao, si mnauona?

Mimi ni mjane. Tulipohamia kijijini nilikuwa na watoto, jembe na sufuria. Shamba nililopewa lilikuwa mawe matupu, ukilima jembe linalia kama kengele ya kanisa. Nikaangalia malori yanavyopita pale njia panda, nikachemsha supu ya kuku. Ndugu zangu, nawaambia, ile supu dereva alikuwa anaipata harufu yake akiwa Manyoni! Anakanyaga breki kule kule, lori linaserereka mpaka mlangoni kwangu.

Kijiji kikatupa kibanda, wenzangu wakajiunga, ikawa kazi ya kijamaa. Wakanichagua kiongozi kwa sababu nacheka sana. Na hapo ndipo tulipougua, maana mimi mtu akija na wazo siwezi kumkatalia. Huyu anasema tupike maandazi. Sawa, mama! Huyu anasema tusuke mikeka. Suka, mwenzangu! Mwingine alikuwa na wembe wa marehemu mume wake, akasema tuwanyoe madereva. Wanyoe! Tukaziba na pancha za baiskeli. Basi dereva anaingia na njaa yake, anakalishwa, ananyolewa, anauziwa mkeka, anatoka kichwa kinang'aa na tumbo halina kitu.

Na ile supu je? Ilikuwa ya wote. Si mnajua kwetu, ukipita kwenye chungu cha mwenzio unamsaidia, ndiyo mapenzi. Basi anapita huyu, anatia chumvi. Anapita yule, naye anatia. Siku moja utingo mmoja alikunywa supu yetu, halafu akanywa maji debe zima, akaenda kumalizia kwa kulamba rejeta ya gari. Kesho yake tukaogopa, hakuna aliyetia hata punje. Kesho kutwa yake kila mtu alidhani mwenzake ameshachochea kuni. Wageni wakaja, wakakuta kuku wetu ana baridi, alibakiza kidogo tu awike.

Malori yakaacha kusimama. Madereva wanatupungia mkono, wanapita. Mwenyekiti wa kijiji akaja, mtu mpole, akaniambia, "Dada yangu, nikija tena nikakuta nzi peke yao, hiki kibanda nakifanya stoo ya mbolea. Mtarudi shambani." Wenzangu walikuwa na waume na mashamba yenye udongo. Mimi nilikuwa narudi kwenye mawe yangu na wanangu. Hapo sikucheka, ndugu zangu.

Sasa kulikuwa na dereva mmoja, mteja wetu wa zamani, tulimwita shemeji kwa vile alivyotuzoea. Huyo peke yake ndiye aliyekuwa bado anasimama. Akaonja, akaweka kijiko chini.

"Hii supu mama yake nani?"

Tukaitikia kwa pamoja, "Ya wote, shemeji!"

"Ya wote? Mtoto wa wote nani anamwogesha?"

Akapanda lori lake huyo, akaenda zake. Mara bibi mmoja kati yetu, mkali kama pilipili, akainuka akashika upawa. "Kuanzia leo mimi naitwa Mama Supu. Atakayetia chumvi humu bila kuniamkia, atakula mwiko."

Jamani! Supu yangu! Niliianzisha mimi, na watoto wangu nimewalea nayo! Nikamwambia, "Shangazi, hiyo yangu." Akanijibu, "Yako ilikuwa ulipokuwa unaikalia. Sasa hivi unakalia mikeka." Nilinuna, midomo ikafika magotini. Lakini nilipoonja alichopika, nikaomba bakuli la pili.

Basi mwingine akawa Mama Ugali, mwingine Mama Chai, na wasaidizi wao. Si mnajua mwanamke akishaitwa jina la mwanawe, mwana akiharibu anaaibika yeye? Ndivyo ilivyokuwa. Na kazi iliyokosa mama, tukaizika. Ule wembe tuliuchimbia kaburi nyuma ya kibanda, tukalia, mwenye wembe akatupa mchanga huku anacheka mpaka mate yanamtoka. Mimi wakanipa mlango. Kazi yangu kukaribisha wageni, na kukataa mawazo.

Siku aliyorudi mwenyekiti, Mungu si wa kuchezea, basi lilikuwa limeharibika pale njia panda. Abiria wakajaa, nadhani nusu ya Tanzania ilikuwemo. Mtu mmoja akapiga kelele, "Ugali mbichi huu!" Zamani tungeangalia juu, tunahesabu makuti. Safari hii Mama Ugali akatoka mwenyewe, "Samahani kaka yangu, huyo ni wangu," akachukua sahani, akamletea mwingine wa moto. Yule mtu akatulia, akaongeza na supu.

Mwenyekiti alitaka kupita mbele. Nikamwambia, "Mwenyekiti, foleni inaanzia kule." Akapanga foleni, akala, akaramba vidole. Akasema, "Mbolea nitaitafutia pengine."

Basi namshukuru shemeji, popote alipo barabarani. Namshukuru mwenyekiti kwa kutuvumilia. Na Mama Supu, simama wakuone, usione haya. Huyu aliniokoa kwa kuninyang'anya.

Nanyi mkifungua yenu, msiweke sufuria ya pili jikoni kabla ya kuuliza mama yake ni nani. Akikosekana, iacheni ukutani, hata kama wazo ni tamu. Watoto wangu leo wanakula kwa sababu mama yao alijifunza neno moja. Njooni Mkiwa na mawazo yenu mazuri. Nitawakumbatia, nitawapa kiti na chai, nitawasikiliza mpaka mwisho, halafu nitawaambia, "Hapana, mpenzi wangu."